Biskuti tamu au konzi ya njugu: Kipi kinamlisha mwanafunzi?

Kengele ya mapumziko ya saa nne inapolia katika shule zetu, swali moja kubwa la lishe hujibiwa uwanjani bila ya mwalimu kuliuliza wala mtahini kulitunga. Wanafunzi hutia mikono mifukoni na katika mikoba, na kila mmoja hutoa alichokuja nacho au alichokinunua langoni. Wengi hutoa pakiti ya biskuti tamu yenye karatasi ya kumetameta. Wachache hutoa konzi ya njugu zilizofungwa katika kipande cha karatasi, pengine ukurasa wa gazeti kama hili uliokwisha kusomwa. Vyote viwili huliwa kwa dakika chache, kengele ikalia tena, na masomo yakaendelea hadi adhuhuri. Lakini kilichoingia tumboni hakikumaliza kazi yake pale uwanjani. Hicho ndicho kitakachomkalisha mwanafunzi darasani akiwa macho au akipiga miayo, na siku baada ya siku, muhula baada ya muhula, ndicho kitakachoujenga mwili wake au kuuacha na upungufu.

Leo nakusudia kuvitia vyakula hivi viwili katika mizani moja. Najua wapo watakaosema kwamba mambo ya biskuti na njugu ni madogo mno kuandikiwa makala, ilhali kuna karo, mitaala na uhaba wa walimu vya kuzungumziwa. Nawajibu kwamba mtaala mzuri na mwalimu hodari havifui dafu mbele ya mtoto aliyelegea kwa njaa. Wahenga walinena: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha hesabu saa sita kasorobo anaijua vyema maana ya malegeza.

Dai langu nitalisema wazi tangu mwanzo, ili msomaji ajue ninakomwelekeza. Nasema kwamba biskuti tamu ni kiburudisho na njugu ni chakula; kwamba tumekosea kuzipa heshima ya chakula biskuti na kuziacha njugu zidharauliwe kama kitu cha kuchezea meno kituoni; na kwamba shule ndiyo mahali pa kurekebisha jambo hili, mradi njugu zenyewe ziwe salama. Sharti hilo la mwisho si la kupambia maneno, na nitalirudia kwa kirefu.

Kwanza tujue tunapima nini. Biskuti tamu, hata ikiitwa kwa jina gani la kiwandani, hutokana na vitu vilevile: unga wa ngano uliokobolewa, sukari, mafuta ya mimea ambayo aghalabu ni ya mawese, chumvi kidogo, dawa za kuumua na harufu ya kuvutia kama ya vanila au ya maziwa. Ngano inapokobolewa hupoteza wishwa na kiini chake, yaani zile sehemu zilizobeba kwa wingi nyuzinyuzi, vitamini za jamii ya B na madini. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya imevitaka viwanda vya unga wa ngano na wa mahindi kuongeza chuma, zinki na baadhi ya vitamini katika unga wa pakiti, na jambo hilo linastahili sifa. Hata hivyo, kurudisha sehemu ya kilichoondolewa si sawa na kutokiondoa.

Njugu ninazozungumzia hasa ni njugu karanga, zile zinazolimwa Busia, Siaya, Homa Bay na Migori, na kuuzwa zikiwa zimekaangwa karibu katika kila kituo cha matatu. Mwanafunzi wa sayansi ataniambia kwamba njugu karanga si kokwa ya mti, bali ni ndugu ya maharagwe na kunde, ijapokuwa huzaa chini ya ardhi. Atakuwa amesema kweli. Asili yake ni Amerika Kusini, na ilifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuivuka bahari ya Atlantiki. Kabla ya hapo Waafrika walikuwa na njugu mawe, ambazo asili yake ni bara hili hili na ambazo hadi leo hupikwa Magharibi mwa Kenya. Kokwa za miti tunazo pia: korosho za Kilifi, Kwale na Lamu, na makadamia za Murang'a, Embu na Meru, mti ambao asili yake ni Australia. Lakini njugu karanga ndizo zilizo karibu zaidi na mfuko wa mwanafunzi, kwa hiyo ndizo nitakazozipima.

Sasa tuchukue gramu 100 za kila kimoja. Biskuti tamu za kawaida hutoa takriban kilokalori 450 za nishati. Protini yake ni karibu gramu 7. Kabohaidreti ni zaidi ya gramu 70, na ndani yake mna sukari kati ya gramu 20 na 30. Mafuta ni kati ya gramu 10 na 20, na nyuzinyuzi ni gramu 2 au 3 hivi. Njugu karanga za uzito uo huo hutoa takriban kilokalori 567. Protini ni karibu gramu 26, mafuta gramu 49, kabohaidreti gramu 16 tu, sukari gramu 4 au 5, na nyuzinyuzi zaidi ya gramu 8. Juu ya hayo zina magnesiamu karibu miligramu 170, chuma zaidi ya miligramu 4, zinki zaidi ya miligramu 3, niasini miligramu 12 na foleti mikrogramu 240.

Asidhani mtu kwamba kila kinachoitwa njugu au kokwa kina sifa hizo hizo. Korosho zina protini pungufu kidogo, karibu gramu 18, lakini zinazipita njugu karanga kwa chuma na magnesiamu. Makadamia, kwa upande wake, ina protini gramu 8 hivi tu, na robo tatu ya uzito wake ni mafuta. Mwenye kutafuta protini kwa bei ndogo asiende mbali. Njugu karanga ndiyo bingwa wao.

Tarakimu hizi zina maana gani kwa mtoto aliyesimama uwanjani saa nne? Konzi moja ya njugu, tuseme gramu 30, humpa protini karibu gramu 8, ambayo ni zaidi ya ile iliyomo katika yai moja la kuku. Biskuti za uzito huo humpa gramu 2 tu. Mtoto wa miaka 9 hadi 13 anahitaji takriban gramu 34 za protini kwa siku. Maana yake ni kwamba konzi moja ya njugu hutimiza karibu robo ya haja yake, ilhali biskuti hazifikishi hata sehemu moja kwa kumi. Nikiri kwa ajili ya haki kwamba protini ya njugu haijakamilika kama ile ya yai au ya maziwa, kwa kuwa ina upungufu wa baadhi ya asidi amino, hasa laisini. Lakini mtoto huyo hali njugu peke yake. Maharagwe ya githeri ya mchana yana laisini kwa wingi, na chakula kimoja huziba pengo la kingine.

Tuje kwenye sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi sehemu moja kwa kumi ya nishati ya siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya kiwango hicho, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima, sawa na vijiko sita vya chai. Mwanafunzi anayemaliza pakiti ya gramu 100 ya biskuti huenda amekwisha kukifikia kiwango hicho kabla ya chakula cha mchana, na bado hajanywa chai ya jioni wala soda ya mwisho wa juma. Meno yake ndiyo ya kwanza kulipa deni hilo, kwa kuwa makombo ya biskuti hunata katika mianya ya meno na kuwalisha bakteria wanaoyatoboa.

Wazazi wengi hujitetea kwa bei. Husema, biskuti ni rahisi na njugu ni ghali. Hapa nawaomba walimu wa hesabu wanisaidie, maana swali si kwamba pakiti inauzwa shilingi ngapi, bali kwamba shilingi hizo zinanunua nini. Tumeona kwamba njugu zina protini karibu mara nne ya ile ya biskuti. Basi hata kama njugu zingeuzwa kwa bei maradufu kwa uzito uo huo, naam, hata mara tatu, bado kila gramu ya protini ya njugu ingekuwa rahisi kuliko ya biskuti. Anayenunua biskuti kwa sababu ya urahisi hununua unga, sukari na karatasi ya rangi. Anayenunua njugu hununua nyama ya shambani. Nataka hesabu hiyo ipigwe ubaoni kwa bei za duka lililo karibu na shule, wanafunzi wenyewe wakileta bei na lebo, kisha wapate jibu kwa mikono yao.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani katika jedwali la kawaida, nalo ni muda. Mwaka 1981 mtafiti David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, walitangaza kipimo kinachoonyesha kasi ambayo chakula chenye wanga huiingiza sukari katika damu. Glukosi hupewa alama 100. Njugu karanga hupata karibu 14. Biskuti tamu nyingi hupita 50, na baadhi zinafika 70. Maana yake si ngumu. Unga mweupe na sukari humeng'enywa upesi, sukari ya damu hupanda kwa ghafula, mwili nao huleta insulini kuishusha, na baada ya muda mfupi tumbo hudai tena. Njugu, kwa wingi wa mafuta, protini na nyuzinyuzi, hukaa tumboni na kutoa nishati yake polepole. Kwa mwanafunzi ambaye chakula chake kijacho kitakuja saa saba, tofauti hiyo ni kubwa.

Najua pingamizi litakalofuata, hasa kutoka kwa wasichana na vijana wa sekondari: njugu zina mafuta mengi, zitatunenepesha. Pingamizi hili lastahili jibu. Ni kweli kwamba karibu nusu ya uzito wa njugu ni mafuta. Lakini takriban sehemu nne kwa tano za mafuta hayo ni ya aina isiyoudhuru moyo, ilhali karibu nusu ya mafuta ya mawese yaliyomo katika biskuti nyingi ni ya ile aina tunayoshauriwa kuipunguza. Isitoshe, kalori zinazoandikwa kwenye pakiti si lazima zote zifike mwilini. Mwaka 2012 watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani walipima kokwa za lozi zinazoliwa nzima, wakaona kwamba mwili hupata nishati pungufu kwa takriban robo kuliko ile iliyokadiriwa kwa hesabu ya kawaida. Sababu ni kwamba sehemu ya mafuta hubaki imefungiwa ndani ya kuta za seli ambazo meno hayakuzivunja, ikapita zake. Biskuti haina kuta za namna hiyo. Unga wake umesagwa tayari, na kila kilichomo hupokewa.

Hata hivyo, mizani ya gramu na kalori haitoshi kuonyesha thamani ya njugu. Msomaji aruhusu nimpeleke Malawi, ambako thamani hiyo ilidhihirika kwa njia ya kusikitisha. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliwafukuza watu kutoka makwao, na kufikia mwaka 1990 wakimbizi wapatao 900,000 walikuwa wamehifadhiwa Malawi. Posho yao ilikuwa hasa mahindi. Njugu karanga zilikuwa sehemu ya posho hiyo, na ndizo zilizokuwa chemchemi yao kuu ya niasini, vitamini ambayo katika mahindi imefungwa kwa namna inayoufanya mwili ushindwe kuichukua. Ugavi wa njugu ulipokatika, ugonjwa wa pelagra ukazuka. Ngozi iliyopigwa na jua ilibabuka shingoni na mikononi, matumbo yakaharisha, na ugonjwa huu ukizidi huvuruga hata akili. Katika mwaka huo wa 1990 zaidi ya watu 18,000 waliandikishwa kuwa wagonjwa. Uchunguzi uliofanywa ulionyesha kwamba waliokuwa bado wanapata njugu au samaki, au wenye vishamba vyao, walikuwa na kinga kuliko wenzao.

Tulitafakari tukio hilo sisi tunaokula ugali mchana na usiku. Chakula kikuu cha Mkenya kinafanana sana na posho ile. Hatujafikwa na pelagra kwa sababu wengi wetu tunapata maharagwe, maziwa, mboga, samaki au nyama kidogo. Lakini mwanafunzi wa familia maskini, ambaye ugali wake mara nyingi hushushwa kwa sukumawiki peke yake, anakaribia ukingo kuliko tunavyodhani. Nyongeza ndogo aliyo nayo ni ile ya saa nne. Akiitumia kwa unga na sukari, ameongeza wanga juu ya wanga. Akiitumia kwa njugu, amepata kile ambacho ugali haumpi.

Wataalamu wa lishe walikwisha kulitambua hilo. Mwaka 1996 daktari wa Ufaransa André Briend, akishirikiana na Michel Lescanne, alitengeneza chakula cha kuwatibu watoto wenye utapiamlo mkali. Hadi wakati huo watoto hao walitibiwa kwa maziwa maalumu yaliyohitaji maji safi na uangalizi wa hospitali. Wawili hao walichanganya njugu zilizosagwa, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini, wakatia ndani ya kipakiti cha gramu 92 chenye kilokalori 500. Kwa kuwa mchanganyiko huo hauna maji, vijidudu havistawi ndani yake, na mama anaweza kumlisha mtoto nyumbani bila ya kuchemsha chochote. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliidhinisha tiba ya aina hiyo ifanywe vijijini, na chakula hicho kimewaokoa watoto katika sehemu kame za nchi yetu pia. Sisemi kwamba njugu peke yake ni dawa. Maziwa na madini yale yana kazi yake. Nasema kwamba wataalamu walipotafuta msingi wa kumjengea mtoto aliyebaki mifupa mitupu, waliuona katika njugu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Biskuti nayo ina wema wake. Haiozi upesi, hubebeka, haihitaji kupikwa, na kila pakiti hufanana na mwenzake. Biskuti ngumu ndizo zilizowalisha mabaharia kwa miezi mingi baharini. Hata leo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani huwagawia watu waliokumbwa na majanga biskuti za nishati, ila hizo zimeongezwa vitamini na madini, na kiwango chake cha protini ni gramu 10 hadi 15 kwa kila gramu 100. Hizo ni ndugu wa mbali sana wa biskuti za dukani. Mwanafunzi anayekwenda kukimbia mbio hatadhurika kwa biskuti mbili, na mgeni aliyekaribishwa chai na biskuti asisusie. Shida inaanza pale kiburudisho kinapofanywa lishe ya kila siku, kwa kuwa kina karatasi nzuri na tangazo redioni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Na njugu nazo tusizipambe kupita kiasi, kwa sababu zina adui anayejificha. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Wachunguzi waliufuata mpaka kwenye chakula chao, wakakuta mashudu ya njugu yaliyoshikwa na kuvu. Sumu ya kuvu hiyo ndiyo ikaitwa aflatoksini. Hapa kwetu tuliijua kwa uchungu mwaka 2004, ilipowaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliothibitishwa, wengi wao wa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu hii ikiwa nyingi huua upesi. Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huzaa saratani ya ini. Tena kukaanga hakuiondoi yote. Viwango vya Kenya vinataka njugu zisizidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kila kilo, kiasi ambacho jicho halikioni wala ulimi hauwezi kukionja. Sumu haionjwi kwa ulimi.

Hata hivyo, yapo yanayoweza kufanywa bila ya maabara. Njugu zikaushwe vizuri juu ya turubai au mkeka, zisitandazwe juu ya udongo mtupu. Zihifadhiwe katika magunia yanayopitisha hewa, yaliyoinuliwa kutoka sakafuni. Zichambuliwe kwa mkono, na kila punje iliyonyauka, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au iliyoota ukungu itupwe. Isipewe kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu hupita na kufika katika maziwa. Yenye uchungu itemwe. Siagi ya njugu inunuliwe kwa mtu anayejulikana, au isagwe nyumbani, maana njugu ikishasagwa kasoro zake hazionekani tena.

Yapo na mengine mawili ya tahadhari. Kuna watoto wachache ambao miili yao huzikataa njugu kabisa: midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana, na wanaweza kufa kwa muda mfupi. Kila mwalimu wa darasa anapaswa kuwajua wanafunzi wa namna hiyo kwa majina, na mtoto aliyepatwa na hali hiyo akimbizwe hospitalini bila ya kungoja. Pili, mtoto mchanga na wa chekechea asipewe njugu nzima, kwa kuwa humkwama kooni. Zisagwe zichanganywe na uji. Chumvi nayo isizidi. Na kashata za njugu, ambazo sote tunazipenda, tukumbuke kwamba sehemu yake kubwa ni sukari.

Sasa shule ifanye nini? Wako walimu watakaosema kwamba anachokula mtoto ni shauri la wazazi wake. Historia yetu yasema vingine. Mwaka 1979 serikali ilianzisha mpango wa maziwa ya shule, ambayo Wakenya waliyaita maziwa ya Nyayo, na mpango huo ulionyesha kwamba shule inaweza kuwa mahali pa kulishana. Sidai kwamba serikali igawe njugu kesho. Nadai mambo ambayo mwalimu mkuu na kamati yake wanaweza kuyaamua bila ya kungoja waraka kutoka Nairobi.

La kwanza, duka la shule liuze njugu zilizochambuliwa, kutoka kwa mkulima au mfanyabiashara anayejulikana, na zisikae dukani hadi zikachacha. La pili, chama cha 4-K, ambacho kilifufuliwa mwaka 2021, kipewe kishamba cha njugu pale ambapo mvua na udongo vinaruhusu. Mmea huo hurudisha naitrojeni ardhini, kwa hiyo mahindi yatakayofuata yatafaidika, na mwalimu wa sayansi atakuwa amepata somo zima lisilohitaji kitabu. La tatu, siku wazazi wanapokuja kuwatembelea wanafunzi wa bweni, barua ya shule iwaombe waache nyumbani katoni ya biskuti na walete kilo moja au mbili za njugu pamoja na machungwa au mapera. Matunda hayo si ya kupamba meza. Vitamini C yake huusaidia mwili kuichukua chuma iliyo katika njugu, ambayo vinginevyo hushikwa na viambata vya njugu zenyewe na kupotea.

La nne ni la darasani. Walimu wa Kilimo na Lishe wanaweza kuwaambia wanafunzi walete karatasi za biskuti badala ya kuzitupa uwanjani. Wasome kilichoandikwa kwanza katika orodha ya viungo, kwa kuwa kilicho kingi zaidi ndicho hutangulia. Wahesabu gramu za sukari na kuzigeuza kuwa vijiko. Mwanafunzi aliyejifunza kusoma lebo ya biskuti akiwa na miaka 11 hatadanganywa kwa urahisi na lebo ya dawa, ya mbegu au ya mkopo atakapokuwa na miaka 30.

Nanyi wanafunzi, ambao mnasoma makala haya pengine mkiwa na pakiti mkononi, siwaamuru kuitupa. Imalizeni, maana chakula hakitupwi. Lakini kesho, mtakapotoa shilingi zenu langoni, ulizeni ni kipi kitakachowafikisha saa saba, na ni kipi ambacho miili yenu inayokua itakipokea na kukitumia. Mchuuzi wa njugu hana karatasi ya kumetameta wala tangazo. Mtazameni mkono wake anapopima, zitazameni punje zake kama ni safi na kavu, kisha mnunue.